Miaka Minne Kwenye Chumba cha Mahindi

Kama una mtoto anayelala chumba kimoja na magunia ya mahindi, mtoe leo. Usingoje umalize kusoma. Hamisha godoro lake, halafu urudi uendelee hapa.

Naandika kwa ajili ya watoto wenye pumu huku kwetu Ufipa, na wazazi wao. Niliishia darasa la saba, na sababu ya kuishia hapo imo humu. Sasa nina miaka kumi na tisa, nashona nguo mjini Sumbawanga, na kifua changu kimetulia. Watu hupenda mtu akipona asahau. Mimi nimepona na sijasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimesahau ili wengine walale vizuri.

Nilizaliwa Kabwe, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako baba anaanika na kuuza dagaa. Huko ni joto mwaka mzima, na mahindi yananunuliwa kidogo kidogo, yanaliwa, yanakwisha. Nilipofika darasa la nne baba alinileta Sumbawanga kwa dada yake mkubwa, Shangazi Skola, anayekaa mtaa wa Malangali, ili nisome shule ya mjini. Shangazi ni mjane, ana shamba zuri na nyumba ya vyumba vinne. Alinipokea kwa kuku. Hilo nalisema mapema kwa sababu nataka niwe mkweli kuliko yeye.

Nilifika wakati wa mavuno, na wakati wa mavuno huku juu ndio wakati wa baridi. Wiki ya kwanza nilipata mafua kama mtoto yeyote aliyetoka ziwani. Shangazi akasema ni baridi. Huku kwetu kila anayekohoa amepigwa na baridi, na dawa ya baridi ni joto. Nyumba ile ilikuwa na chumba kimoja chenye joto kuliko vyote, chumba cha mahindi, kwa sababu magunia yalipangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na dari na hayakuacha upepo upite.

"Lala humu," aliniambia akitandika godoro juu ya magunia ya chini. "Humu baridi haikupati hata ikutafute kwa tochi."

Akafunga dirisha. Akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Kesho yake tukachanganya mahindi mengine na dawa ya unga ya kuzuia fukusi, yeye akigeuza kwa koleo, mimi nikishika gunia, mlango umefungwa ili dawa isipeperuke bure. Vumbi lilikuwa jeupe mpaka kwenye kope.

Mafua yaliisha. Kikohozi hakikuisha. Kilikaa, kikashuka, kikawa mluzi. Ulianza taratibu, kama mtu anayepiga mbinja nyumba ya tatu, halafu ukahamia kifuani kwangu kabisa. Nikikohoa, shangazi aliongeza blanketi. Nikibanwa, alitafuta tundu jingine la kuziba. Mwaka mzima tulikwenda hivyo, yeye akiziba na mimi nikibanwa.

Wale wanaopita njia hii watanielewa nikisema kwamba mwili unabadilika wenyewe bila kukuuliza. Mabega yangu yalipanda na kubaki juu, kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Kifua kilitokeza mbele. Nilijifunza kukaa nimeshika magoti, kulala nimekaa, kusema maneno manne na kupumzika. Nilikuwa mtoto wa aibu tangu Kabwe, sikupenda kusema mbele ya watu. Pumu ilinipa sababu ya kunyamaza kabisa. Vidonge vya kwanza nilivyopewa vilinitetemesha mikono hadi mwandiko wangu ukawa wa bibi kizee. Vidonge vya pili vilinivimbisha uso. Mashavu yakajaa, yakang'aa. Hapo ndipo watu wakaanza kusema: mgonjwa gani huyu ananenepa?

Kwenye kituo cha afya nililijua kila benchi. La kwanza karibu na mlango lilikuwa la homa, la pili la wajawazito, la tatu lililoegemea ukuta ndilo letu sisi wa kukohoa. Nilikuwa najua mahali ambapo mbao imelainishwa na makalio ya watu na haikwaruzi. Kulikuwa na mama mmoja mfagizi, sikuwahi kumuuliza jina, ambaye akiniona nimekuja alikuwa anafungua dirisha lililo juu ya kichwa changu bila kusema neno. Wengine walilalamika baridi. Yeye alifagia tu akaondoka. Mpaka leo, nikimkumbuka, namwombea mambo mazuri kwa jina la "mama wa dirisha".

Mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa nilikwenda Kabwe, na kifua kilifunguka. Siku ya tatu nakimbia, siku ya tano naogelea. Mwezi wa kwanza nikirudi Malangali, wiki haijaisha, mluzi umerudi. Mtu mwenye akili angeuliza kuna nini Malangali. Shangazi aliuliza swali lingine.

"Kwao ziwani mzima, kwangu mgonjwa," alimwambia jirani yetu Mama Fides. "Wewe umewahi kuona ugonjwa unaochagua nyumba?"

"Labda unachagua mpishi," Mama Fides akasema. Mama Fides ni mwanamke mnene anayecheka kabla ya kusema, na ndiye mtu pekee mtaani aliyeweza kumtania shangazi.

Lakini shangazi hakucheka. Alikuwa ameshaanza kunichunguza. Akaona kwamba siku ya kupukuchua mahindi nabanwa, na siku ya harusi napumua. Siku ya kupepeta nabanwa, siku ya kwenda kanisani napumua. Akapanga siku zangu hivyo, kazi upande huu na raha upande ule, akapata jibu: mtoto anajifanya. Na alipolipata hilo jibu, akaligawa. Akampa mwalimu wangu. Akampa baba kwa simu, na baba akaamini, kwa sababu kwetu dada mkubwa akisema kuhusu mtoto aliye mikononi mwake, nani atambishia? Nilimwambia baba mwenyewe kwamba nabanwa kweli. Alinijibu, "Yustina, msikilize shangazi yako. Usinitie aibu." Baada ya hapo akawa anapiga simu na kuongea na shangazi tu. Nilikaa karibu na mlango nikisikia sauti yake ndogo ndani ya simu ikiuliza habari za mbolea.

Na akaigawia jumuiya yetu ya sala. Tulikuwa tumekusanyika nyumbani kwetu, familia kumi hivi, kila mtu anatoa nia yake. Mmoja aliombea mvua, mwingine mtoto aliye chuoni. Shangazi akasimama, akaweka mkono kichwani kwangu, akasema kwa sauti laini: "Tumwombee Yustina, Bwana amwondolee roho ya uongo na uvivu." Wote wakaitikia. Sauti zao zilikuwa nzuri, walizoea kuimba. Mimi nilikuwa chini ya mkono ule, nina miaka kumi na tatu, nahangaika kuvuta hewa bila mluzi kusikika, kwa sababu ungesikika wangesema naufanya makusudi.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kitu cha kuishi kwa ajili yake. Sikutaka kupona tena. Nilitaka shangazi ampigie baba, kwa mdomo wake mwenyewe, aseme kwamba nilikuwa naumwa kweli. Nilikipanga hicho kitu kichwani nikiwa juu ya magunia. Nilipanga maneno atakayosema na mahali atakapokwama.

Darasa la saba nilifaulu. Nilipangiwa sekondari ya kata, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu. Mwezi wa kwanza, wenzangu wakishona sare, shangazi alimpigia baba. Niliyasikia yote.

"Huyu hata ua hawezi kufagia mpaka mwisho, mwendo huo atauweza? Atakuwa anadondoka njiani kwa maigizo yake, watu watucheke. Mwache kwanza akae, akomae."

Baba alisema sawa. Neno lenyewe lilikuwa hilo moja. Nilikaa. Januari ikapita, Februari ikapita, wenzangu wakawa wanapita barabarani na sweta za bluu, na mimi napepeta mahindi ili nikomae.

Mwaka huohuo, mavuno yalipokuwa yameshaingia ndani, lilitolewa tangazo kanisani. Madaktari wa kifua cha watoto wamekuja kutoka mbali, watakaa mjini wiki mbili, wana mashine ambayo mtoto anapuliza na mashine inaonyesha. Wazazi wenye watoto wa kukohoa wawapeleke.

Sasa, huku kwetu mashine ya kupuliza tunaijua moja. Ni ile ambayo askari wa barabarani wanawasimamisha nayo madereva wa mabasi ya kwenda Tunduma, hasa pale Laela: dereva anapuliza, mashine inasema kama amekunywa. Dereva anaweza kuapa kwa mama yake, mashine haimsikilizi. Shangazi alilisikia tangazo lile na kichwani mwake ikaja mashine ya Laela. Alitoka kanisani amechangamka.

"Tutakwenda," alinishika mkono. "Utapuliza, na itasema. Safari hii humdanganyi mtu." Akamwalika na Mama Fides awe shahidi. Akavaa kitenge chake cha sikukuu.

Sijui niliwahi kuogopa kitu kama siku ile. Ukiambiwa kwa miaka kwamba wewe ni mwongo, unafika mahali unajiuliza. Nilikaa kwenye foleni tangu asubuhi, watoto kama arobaini, wengine wamebebwa, kila mmoja na mluzi wake, na nilikuwa nawaza: je, kama ni kweli najifanya na mimi mwenyewe sijui?

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ungeiweka kwenye mkoba, ina mrija mweupe na kioo chenye picha ya puto. Aliniambia nivute pumzi mpaka mwisho, halafu nipulize polepole, kwa nguvu ileile, nisipunguze wala nisiongeze, ili puto likae katikati ya mistari miwili. Kama mtu anayepooza uji bila kuumwaga, alisema.

Nilipuliza, puto likaanguka. Nilipuliza tena, nikakohoa.

"Si mnaona?" shangazi alisema nyuma yangu. "Hataki. Anaijua itasema nini."

"Mama, naomba umpe nafasi," daktari akasema bila kugeuka. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hii haikukamati. Pumzika, tutafanya tena."

Mara ya tatu puto lilikaa. Sekunde kumi. Nilidhani nitakufa kwenye ya nane. Mashine ikafikiri, halafu ikaandika sabini na nne.

"Sabini na nne ndiyo nini?" shangazi aliuliza. "Ndiyo mzima?"

Daktari akageuza kiti akamtazama. Alisema kwamba njia za hewa zikivimba ndani kwa sababu ya mzio, zinatoa hewa fulani kwa wingi. Huioni, huisikii harufu, lakini mashine inaihesabu. Aliitaja jina, nitriki oksidi, na baadaye nilimwomba aniandikie kwenye karatasi. Kwa mtoto wa umri wangu walitegemea isizidi ishirini.

"Na mtu hawezi kuifanya kwa makusudi?" Mama Fides aliuliza. Hakuwa anacheka.

"Hawezi, mama. Huwezi kuvimbisha mapafu yako kwa kutaka. Huyu mtoto ameumwa muda mrefu sana."

Sitaweza kueleza nilivyojisikia. Watu wangetegemea niseme nililia. Sikulia. Niligeuka nikamtazama shangazi usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, kwetu mtoto hamkodolei mkubwa macho, na nilikaa namtazama. Nilikuwa na namba. Ningeweza kumtazama mpaka jioni.

Kisha wakanidondoshea matone mkononi na kuyachoma kwa ncha ndogo, kila tone na kitu chake. Tone la nyasi halikufanya kitu. Tone la paka halikufanya kitu. Tone la wadudu wale wadogo wasioonekana, wanaokaa kwenye nafaka iliyohifadhiwa na vumbi lake, lilipanda likawa uvimbe kama nimeumwa na nyuki, na liliwasha hadi machozi yakanitoka.

"Analala wapi huyu?" daktari akauliza.

Shangazi alijinyoosha. Hapo ndipo alipojivunia, masikini. "Daktari, huyu analala chumba cha joto kuliko vyote nyumbani kwangu. Mimi mwenyewe sina chumba kama hicho. Analala humo na mahindi."

Daktari akarudia: "Na mahindi."

"Ndiyo. Miaka minne."

"Mama, mtoeni humo leo."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Mama Fides ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Dada Skola," akasema, "leo mashine imekamata dereva."

Shangazi alinihamishia sebuleni siku hiyohiyo, kwa sababu shahidi alimchagua mwenyewe na mtaa mzima ungeuliza. Nilipewa pampu mbili za kuvuta dawa, ya kahawia ya kila siku na ya bluu ya kubanwa. Kufikia mwanzo wa mvua mabega yangu yalikuwa yameshuka. Uso ulirudi. Nilipanda kilima cha kwenda kisimani na kushuka, nikasimama nikajisikiliza, sikusikia kitu. Ningependa kuwaambia kwamba furaha ile ilinitosha. Haikunitosha. Shangazi hakuniomba msamaha. Kwa baba alisema tu, "Wamempa dawa, yuko vizuri," kama mtu anayeongea habari ya mbuzi. Kwa wengine alisema mashine huwa zinaharibika njiani kwa sababu ya mashimo. Na baba hakuwa ameambiwa lolote la mashine, kwa hiyo kwa baba bado nilikuwa mwongo aliyepewa dawa.

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoandika polepole kuliko zote.

Mvua zilipoanza, binti yake shangazi alimleta mwanawe Kredo, miaka mitano, akae na bibi yake. Shangazi alimtandikia chumba cha mahindi. Nilimwona akitandika. Nilimwona akichukua ile kanga kuukuu na kuiziba chini ya mlango.

"Kredo hana ugonjwa wowote," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Na joto halijawahi kuua mtu."

Nilijua. Hakuna mtu Malangali yote aliyejua kama mimi. Na nilinyamaza. Sitasema ni aibu yangu iliyonifunga mdomo, ingawa ningeweza kusema hivyo na mngeniamini. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka shangazi ausikie mluzi ule kifuani kwa mjukuu wake. Novemba Kredo alikohoa kidogo. Desemba alikohoa sana, na shangazi akaongeza blanketi, nami nikamwangalia akiongeza. Kila asubuhi nilisikiliza kifua cha yule mtoto wakati namvalisha sweta, jinsi mtu anavyochungulia chungu kama kimechemka. Alikuwa ananipenda. Alikuwa ananiita dada Yusti na kunipa nusu ya kila kitu, hata pipi aliyokwisha kuinyonya.

Januari fukusi waliingia kwenye magunia. Shangazi alitoa mahindi barazani ayapepete, Kredo akiwa pembeni anapiga makofi kufukuza vumbi. Kisha shangazi akaenda shambani kuangalia palizi. Haikupita saa moja Kredo alinijia jikoni. Hakulia. Alisimama tu mlangoni ameshika magoti, mabega yamepanda, na nikaona midomo yake ina rangi ya ulezi.

Yale yote niliyokuwa nimepanga yaliondoka kichwani. Nilichukua chupa tupu ya maji, nikaikata tundu chini kwa kisu cha moto, nikapachika pampu yangu ya bluu, mdomo wa chupa nikamwekea yeye, kama nilivyoonyeshwa na daktari. Nikabonyeza. Pumua, Kredo. Nikabonyeza. Pumua tena. Nilimwita Mama Fides kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, mtaa mzima uliisikia. Alikuja anakimbia, kitenge kimoja mkononi. Tulimketisha mapajani kwangu mlangoni, penye upepo. Polepole rangi ikaanza kurudi midomoni.

Shangazi alitukuta hivyo. Aliangusha jembe.

"Amefanya nini? Kredo! Amefanya nini?"

Nilimtazama. Kichwa cha mtoto kilikuwa kifuani kwangu, na nilikuwa nausikia mluzi wake kupitia nguo yangu.

"Anajifanya, shangazi," nikasema. "Hataki kupepeta."

"Yustina!" Mama Fides alinipiga begani.

Shangazi alikaa chini palepale kwenye matope. Alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, na mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo muda mrefu. Ilikuwa tamu, sitawadanganya, na ilikuwa chungu palepale, kwa sababu mkono wa Kredo ulikuwa umeshika kidole changu na mimi ndiye niliyemwacha miezi miwili kwenye magunia yale.

Tulimpeleka hospitali, akawekewa mvuke, akalala siku mbili. Shangazi hakumngoja mtu amsaidie: tuliporudi aliyatoa magunia yote yeye mwenyewe, moja moja mgongoni, mpaka kwenye banda la nje. Alifungua dirisha la chumba. Alipiga deki mara tatu. Lakini neno hakusema.

Mvua zilipopungua madaktari walirudi. Namba yangu ilikuwa kumi na nane. Kredo alipuliza mara tano, puto likimponyoka kila mara na yeye akicheka, ndipo akaliweza. Hamsini na moja. Safari hii shangazi hakuuliza hamsini na moja ndiyo nini. Alipewa pampu ya kahawia ya Kredo, akaonyeshwa jinsi ya kuitumia, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Tulipofika nyumbani ikawa wazi hajaelewa. Alibonyeza, dawa ikatoka puani na pembeni, Kredo akakohoa.

"Yustina," akasema bila kunitazama. "Mwonyeshe mwenzio."

Mama Fides alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha. Nilibaki nimesimama. Kredo hakuwa amebanwa, alikuwa anachezea kifuniko cha pampu.

"Mpigie baba kwanza," nikasema.

"Nini?"

"Mpigie baba. Mwambie nilikuwa naumwa kweli. Ndipo nimfundishe."

"Unaniwekea masharti? Mimi shangazi yako?"

Sikusogea.

"Dada Skola," Mama Fides alisema akiendelea na mchicha wake, "simu iko kwenye kifua chako hapo."

Shangazi aliitoa. Mikono yake ilikuwa inatafuta namba kama haijawahi kuiona. Akaweka sauti kubwa, nadhani ili nisije nikadai kwamba sikusikia.

"Shikamoo dada," baba akasema. Nyuma yake upepo wa ziwa ulikuwa unavuma na watu wanaitana.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Mwaloni, tunaanua dagaa. Kuna nini? Kredo?"

"Kredo hajambo." Akavuta pumzi. "Ni Yustina. Yustina alikuwa anaumwa."

"Anaumwa tena?"

"Sisemi tena. Nasema tangu alipokuja. Alikuwa anaumwa kweli, mimi nilikwambia vibaya."

"Na shule," nikasema.

Shangazi alifumba macho. "Na shule. Alikuwa anaiweza. Mimi ndiye nilimzuia."

Upepo ulivuma muda mrefu. Mama Fides alikuwa ameacha mchicha. Kisha sauti ya baba ikatoka, ndogo, tofauti na ninayoijua.

"Mpe simu. Mpe niongee naye."

Shangazi alininyooshea. Macho yake yalikuwa yamelowa, nami niliyaona na sikugeuza uso.

"Baba yako anakuita."

Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya Kredo. Nilimwambia akae wima, atoe pumzi yote kwanza, mpaka mwisho. "Yote?" akauliza. Yote, nikamwambia, na nikamwekea chupa mdomoni.

"Mwambie asubiri," nikamjibu shangazi. "Niko na mgonjwa."

Nikabonyeza, nikahesabu mpaka kumi, nikamruhusu atoe pumzi, nikamwosha mdomo kwa maji ya uvuguvugu, nikarudia mara ya pili. Sikuharakisha hata kidogo. Baba alisubiri. Nilikuwa namsikia mkononi mwa shangazi, hasemi, hakati, anapumua tu kule ziwani.